Siku Moja Unguja Bila Ngano

Swali: Mwanetu ana ugonjwa wa siliaki, haruhusiwi kula ngano hata kidogo. Tuna siku moja tu Unguja. Twende wapi, na ale nini?

Jibu: Anzeni asubuhi kwa boti hadi kisiwa cha Changuu, mkawaone kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli, kisha mrudi kutembea vichochoro vya Mji Mkongwe. Mchana agizeni wali na pweza wa nazi, au mhogo na samaki wa kuchoma.

Jioni, kwenye meza za vyakula za Forodhani, kuweni macho. Urojo hutiwa unga wa ngano, na piza ya Zanzibar ni donge la ngano. Bajia za dengu zenyewe hazina neno, lakini zikikaangwa katika mafuta yaliyokaanga sambusa, hazimfai. Vitumbua na mkate wa kumimina asili yake ni mchele, ila wapishi wengine huchanganya ngano.

Ukiuliza habari za gluteni, ile protini ya ngano inayomdhuru, wengi hawatakuelewa. Uliza hivi: "Umetia unga wa ngano? Mafuta haya umekaangia nini?" Jibu likisitasita, nendeni meza nyingine. Mkobani msikose ndizi na korosho.