Kufuli Si Dawa
Kijitabu cha nyumba yenye kijana anayetumia unga

Kwa nini nimeandika

Nimechoka kufunua shuka. Wanaoniumiza zaidi ni vijana waliokwisha kuacha unga: wamefungiwa chumbani wiki moja au mbili, wakatoka, wakatumia mara moja tu, wakafa. Ukisoma mstari huu mmoja ukaacha mengine yote, si neno: usimfungie ndani.

Yanayotokea nyuma ya mlango

Siku za mwanzo ni arosto. Anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, kamasi zinamtoka, anapiga ukuta. Nyinyi ukumbini mnasema shetani anatoka. Ikifika siku ya saba au ya nane ametulia, anakula. Mnashukuru. Lakini mwili wake umeshausahau unga. Kipimo alichokuwa akitumia zamani akabaki amesimama, sasa kinamkata pumzi, na yeye hajui. Atarudia kilekile alichokizoea.

Bi mmoja alikuwa akimpa mwanawe ubwabwa kupitia nondo za dirisha, siku tisa. Ya kumi ilikuwa Ijumaa. Akafungua kufuli, akampigia pasi kanzu, kijana akenda msikitini akaswali. Magharibi akarudishwa juu ya mkokoteni, kanzu ingali nyeupe. Hakuwa mama mbaya, hakuna aliyemwambia. Wewe nakwambia: usimfungie ndani.

Niya

Mtoto wa chuoni anajua kuwa udhu bila niya ni kunawa tu. Kuacha unga kwa kufuli ni hivyohivyo: unga umeondoka, niya haijaja. Mwenyezi Mungu amempa mwanao hiari, nawe huwezi kumnyang'anya ukatubu badala yake. Sisemi niya peke yake inatosha, maana huu ni ugonjwa. Niya itamtoa kitandani aende kliniki. Kazi iliyobaki ni ya dawa na ya watu wake.

Yamini

Msimshikishe msahafu. (Nikisema hivi wapo wanaoniuliza kama nauchukia msahafu. Nauheshimu, ndiyo maana.) Anaapa kwa sababu arosto imemkaba na nyinyi mmemzunguka. Akirudia unga anajiona keshatoka katika dini, anajificha. Anayejificha hutumia peke yake, na anayetumia peke yake hana wa kumwamsha.

Aliyekwisha kuapa akavunja, kafara ipo, katika Al-Maida aya ya 89: kulisha au kuvisha masikini kumi, na asiye na uwezo afunge siku tatu. Aya ya pili yake, ya 90, ndiyo inayokataza ulevi, zimekaa jirani. Na ulevi wenyewe haukukatazwa kwa siku moja. Ilianza aya ya 219 ya Al-Baqara, ikaja ya 43 ya An-Nisaa, ndipo ikashuka hiyo ya Al-Maida. Masahaba walipewa muda. Wewe unampa mwanao wiki moja na kufuli?

Pa kumpeleka

Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na hapa Unguja, Kidongo Chekundu, mwaka 2015. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, huondoa arosto. Majirani watasema amebadilisha ulevi kwa ulevi. Waache waseme.

Nyumba za soba, wanakokaa wanaoacha unga, hufuata hatua 12 zilizotoka Marekani, lakini kijana wa Kiislamu haoni ugeni mkubwa ndani yake, kwani toba nayo inamtaka aache, ajute, aazimie kutorudia, na awarudishie watu haki zao, hata ile televisheni ya shangazi. Akitoka soba hatari ni ileile ya kufuli: mwili umesahau. Mwambieni waziwazi, bila haya.

Sindano

Ya mtu mmoja, mara moja.

Akikoroma

Aliyetumia unga akikoroma kama anayesongwa, midomo imegeuka rangi, pumzi zinakuja mojamoja, huyo halali, anakufa. Usiseme muache apumzike. Muite jina, msugue kifua katikati kwa vifundo vya ngumi. Asipoamka, tuma mtu atafute gari. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni huku umemziba pua. Akipumua, mlaze ubavu. Usimnyweshe maziwa. Usimmwagie ndoo ya maji. Usikubali mtu amdunge maji ya chumvi. Usimwache peke yake hata dakika moja. Hospitali wakiuliza, sema ni unga, usiseme malaria. Ipo sindano ya naloksoni inayorudisha pumzi, lakini lazima wajue.

Ramadhani na Iddi

Wengi huacha unga mwezi mtukufu kwa hiari yao, na ni jambo jema. Anayetumia methadoni asiikatishe kwa ajili ya saumu. Aende kliniki kwanza wazungumze saa za dawa, kisha amuulize shehe wake. Mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku nyingine.

Siku za Iddi ndizo ninazoziogopa. Mfukoni mna pesa, wenzake wa maskani wanampitia, na mwili umekaa mwezi mzima bila unga. Mkae naye sikukuu zote. Mpeni kazi ya kupeleka sahani kwa majirani, afuatane na mdogo wake. Akichelewa, mfuateni hukohuko maskani, msione aibu. Akirudi kalewa, msimtukane wala msimfukuze, na usimfungie ndani. Mlaze ukumbini, ubavu, taa ikiwaka, na mtu mmoja akae macho amsikilize pumzi mpaka alfajiri.