Karatasi Kabla ya Simiti

Jumamosi katika viwanja vingi vya Eastlands utawaona wasichana wakizungushiana leso ili mwenzao avae jezi. Choo ni cha hoteli ya jirani, mwenyewe akikubali. Kamati za klabu zinaiona aibu hiyo, na mkutano wa kwanza wa ujenzi huishia kwenye bei ya simiti na mabati. Nawasihi: simiti ije mwisho.

Anzeni na ardhi. Mitaa kama Jericho, Kaloleni na Bahati ilijengwa na halmashauri ya jiji, kwa hivyo uwanja mnaochezea, hata kama babu zenu waliuchezea, huenda ni mali ya umma iliyo chini ya Kaunti ya Nairobi. Tafuteni namba ya ploti na jina la mmiliki katika ofisi za ardhi. Kisha ombeni ruhusa ya maandishi inayotaja ni miaka mingapi mtautumia na ni nini mtakachojenga. Ahadi ya mwanasiasa jukwaani si ruhusa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyonyakuliwa nchini, na Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi wakiutetea uwanja wao. Mfadhili makini anaikumbuka historia hiyo. Atauliza karatasi kabla hajauliza mabao.

Karatasi ya pili ni yenu wenyewe: cheti cha Msajili wa Michezo, kama Sheria ya Michezo ya 2013 inavyotaka. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la klabu, yenye watia sahihi watatu. Pesa za ujenzi zisipitie simu ya kocha, hata awe mwaminifu namna gani. Akiugua au akihama, kazi inasimama.

Kuhusu pesa, tazameni Mathare. Chama cha michezo cha vijana wa huko, MYSA, kilianza 1987, timu zake zikipata pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani. Kampeni ya FIFA ya vituo 20, iliyofungamana na Kombe la Dunia la 2010, ilipotafuta pa kujenga Kenya, ilikwenda kwao. Kituo kilifuata zaidi ya miaka 20 ya kazi inayoonekana. Basi wekeni daftari: wachezaji wangapi, mazoezi siku gani, mechi ngapi, wasichana wangapi. Daftari hilo lina nguvu kuliko mchoro wa rangi wa jukwaa la watu elfu.

Kwa kaunti, shikeni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kufika katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayepeleka ombi Mei amechelewa. Pelekeni memoranda Julai au Agosti, nakala kwa mwakilishi wadi, na mhudhurie vikao vya umma mkiwa wengi. Fedha za NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa maeneobunge, ziombwe pia, lakini msiziegemee peke yake: mwaka wa 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria yake inakiuka Katiba. Wachezaji wa zamani nao wachange, hata kidogo kidogo. Mfadhili akikuta mmeshanunua tangi la maji, mazungumzo huwa mengine.

Ununuzi ndio unaovunja klabu nyingi. Mwiteni mkadiriaji majenzi aandae orodha ya vifaa na kazi, yaani BQ, kabla ya kumwona kontrakta yeyote. Bila BQ, makontrakta watatu watawapa bei za majengo matatu tofauti. Wapeni wote orodha ileile, bahasha zifunguliwe siku moja mbele ya wanachama, na mwanakamati aliye na jamaa yake miongoni mwa makontrakta hao atoke chumbani. Bei ya chini mno ichunguzwe, maana mara nyingi hurudi kama ombi la nyongeza kuta zikifika kwenye linta. Kontrakta awe na cheti cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, mradi usajiliwe huko, na michoro iidhinishwe na kaunti.

Lipeni kwa hatua: msingi, kuta, paa, umaliziaji. Zuieni sehemu ya kila malipo, tuseme asilimia 10, mpaka masika yapite na paa lionekane halivuji. Kila lori la mchanga au mawe ya Ndarugu lipokewe na watu wawili, watie sahihi palepale. Kazi ya kibarua iandikwe kwenye mkataba kuwa ya vijana wa mtaa. Wao ndio watakaolinda mabati usiku.

Na mjenge kinachomalizika. Vyoo viwili na vyumba viwili vya kubadilishia nguo, vyenye milango, maji na taa, vitangulie jukwaa. Kabla ya kuchimba msingi, kubalianeni kwa maandishi nani atalipa bili ya maji, nani ataosha, na ufunguo utakaa kwa nani ili timu ya wasichana isimkose mwenye nao saa kumi na mbili asubuhi.