KIMO CHA PAMPU: Kwa Nini Mota Kubwa Haikuleta Maji

Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kutazama kiwanda kimoja cha mkonge. Tulikikuta kimya. Mashine ya kusaga majani, ambayo wafanyakazi huiita korona, haiendeshwi bila maji mengi ya kuondolea makapi na kuoshea nyuzi, na maji yaliyofika yalikuwa yamepungua mno. Nje, marundo ya majani yaliyokwisha katwa yalikuwa yakikauka juani. Na jani likikauka halisagiki vizuri. Wakataji walikuwa wameambiwa wasiende shambani. Fundi mkuu alitueleza kwamba mota ya pampu iliyoko mtoni, ya kilowati 5.5, ilikuwa imeondolewa na kufungwa nyingine ya kilowati 11, lakini maji hayakuongezeka hata ndoo moja.

Mwanafunzi mmoja alimwuliza, “Mzee, nguvu ikiwa maradufu, mbona maji ni yale yale?”

Makala haya yana shabaha ya kulijibu swali hilo, maana wengi wetu tunapochagua pampu hutazama kwanza ukubwa wa mota. Jambo la kutazama kwanza ni kimo.

Kimo cha pampu ni urefu wa wima, kwa mita, ambao pampu inaweza kukipandisha kioevu. Pampu nyingi za viwandani zina gurudumu lenye mapanga yaliyopinda, linalozunguka ndani ya nyumba ya chuma. Maji huingia katikati ya gurudumu na kurushwa ukingoni kwa kasi. Msomaji atakumbuka kwamba kitu kilichorushwa juu kwa kasi v hufika urefu wa v² ikigawanywa kwa 2g. Tungamo halimo katika kanuni hiyo: embe kubwa na embe dogo yakirushwa kwa kasi moja hufika urefu mmoja, ukiacha ukinzani wa hewa. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 32, likizunguka mara 1,450 kwa dakika, lina kasi ya ukingoni ya karibu mita 24 kwa sekunde. Ukikokotoa utapata mita 30 hivi, na kwa kukisia hicho ndicho kimo cha juu kabisa cha pampu ya namna hiyo.

Kwa sababu hiyo wahandisi hutaja mita badala ya kanieneo. Pampu ya mita 30 itapandisha maji mita 30, petroli mita 30, na hata maji mazito ya chumvi mita 30. Kinachobadilika ni kanieneo kwenye geji: kwa maji ni kilopaskali 294, kwa petroli yenye densiti ya kilo 740 kwa mita ya ujazo ni 218, kwa maji ya chumvi ya kilo 1,200 ni 353. Kazi ya mota nayo hubadilika kwa uwiano huo huo.

Sasa turudi kwenye mota ya fundi. Katika hesabu ya kimo mna kipenyo cha gurudumu na mizunguko yake, kilowati hazimo. Mota zote mbili zilizunguka mara 1,450 hivi kwa dakika, na gurudumu lilikuwa lile lile. Tena mota haitoi nguvu yote iliyoandikwa kwenye kibati chake. Hutoa ile tu inayodaiwa na pampu. Ile kubwa ilikuwa ikifanya kazi ya ile ndogo.

Maji yalipungua kwa nini, basi? Tulipodadisi tuliambiwa kwamba bomba la zamani, la milimita 100, lilikuwa limeoza kwa kutu, na badala yake likalazwa la milimita 75 kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Vipimo vinavyofuata nimevisawazisha ili hesabu iwe nyepesi darasani.

Tuseme tangi liko mita 18 juu ya mto, na bomba lina urefu wa mita 400. Zinatakiwa lita 10 kwa sekunde. Katika bomba la milimita 100, msuguano hula kimo cha mita 7 hivi. Jumla ni mita 25. Lakini kwa mtiririko ule ule, hasara ya msuguano hufuata kipenyo kwa kipeo cha tano. Punguza kipenyo kwa robo, na hasara huzidi mara nne: kutoka mita 7 hadi karibu mita 28. Jumla inakuwa mita 46, na pampu yetu haifiki huko hata vali ikifungwa.

Lakini maji hayakukoma kabisa. Pampu ya gurudumu hutoa kimo kikubwa mtiririko ukiwa mdogo, na kimo hushuka kadiri mtiririko unavyoongezeka. Msuguano nao huongezeka kwa mraba wa mtiririko. Chora mistari hiyo miwili kwenye grafu moja. Pale inapokatana ndipo pampu itakapofanyia kazi, upende usipende. Kwa pampu yetu, inayotoa mita 30 vali ikifungwa na mita 25 kwenye lita 10, mistari hukatana kwenye lita 6 kwa sekunde. Kwa hiyo kibati kinachosema “mita 30, lita 15” kisikudanganye: aghlabu huo ni upeo wa kila kimoja peke yake, wala havipatikani kwa pamoja. Mwombe muuzaji grafu. Asipokuwa nayo, afadhali utafute muuzaji mwingine.

Siku ile msimamizi mmoja alishauri pampu ihamishiwe juu, karibu na tangi, ivute badala ya kusukuma. Hilo haliwezekani. Pampu huondoa hewa tu. Anayeyapandisha maji bombani ni hewa ya nje, kama Torricelli alivyoeleza katika barua yake ya mwaka 1644. Usawa wa bahari hewa haiwezi kuyainua zaidi ya mita 10.3, na Iringa, palipo na mwinuko wa mita 1,600 hivi, ni mita 8.5 tu. Kwa kazi ya kila siku hata mwambao sithubutu kupita mita 6.

Kiwanda kilinunua bomba la milimita 100 mara ya pili. Lita 10 zingeweza pia kupita katika lile jembamba, kwa pampu nyingine ya mita 46. Lakini, ufanisi ukiwa asilimia 60, ingedai kilowati 7.5 badala ya 4.1, kila saa ya kazi, miaka yote.

Mwalimu anaweza kuyaonyesha haya kwa ndoo, saa na mpira wa maji wa mita 20. Ncha moja iwe ndani ya ndoo inayojazwa daima, nyingine itoe maji chini. Wanafunzi wapime mtiririko ndoo ikiwa mita 1 juu ya ncha ya chini, kisha mita 4. Wengi watatabiri kwamba maji yatakuwa mara nne. Yatakuwa mara mbili na kidogo tu.