Mgonjwa Asicheze Peke Yake: Maelezo kwa Umma Juu ya Gemu za Mwendo na Tiba ya Aliyeumia Ubongo

Sababu ya kuandikwa kijitabu hiki

Kwa kuwa yametufikia malalamiko si haba kutoka Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, na vijiji jirani, ya watu waliouziwa mashine za gemu kwa ahadi kwamba zitamnyanyua aliyepooza pasipo tabibu wala dawa, na ya wagonjwa walioachwa sebuleni mbele ya televisheni hata wakaanguka, tumeona ni wajibu wetu kueleza jambo hili kwa lugha iliyo wazi, ili limfae hata yule asiyepata kuiona mashine yenyewe kwa macho yake. Twajua wako wanaodhani kwamba maneno ya ofisi ni ya kutisha watu tu. Hao twawaomba wasome kwanza hadi mwisho, kisha wayapime tuliyoyasema kwa akili zao wenyewe.

Neno lililo kiini cha kijitabu hiki ni moja, na msomaji atalikuta tena na tena kwa makusudi: aliyeumia ubongo asianze gemu ya mwendo kabla hajapimwa, na akiisha kuruhusiwa, asicheze peke yake.

Jinsi ubongo unavyoumia

Barabara ya kutoka Bagamoyo hadi Msata, yenye kilomita 64, ilipotiwa lami, safari zikawa nyepesi na mananasi ya Kiwangwa yakapata njia njema ya kufika sokoni. Walakini lami hiyo hiyo humvuta mwenye bodaboda kwenda kasi, na asiyevaa kofia ngumu, siku ya kuanguka, hupokea pigo lote kichwani. Wako pia walioporomoka kutoka minazini, na watoto walionusurika malaria ya kichwani wakabaki na taksiri ya fahamu au ya viungo. Na wako waliopatwa na kiharusi, maradhi ambayo utafiti uliofanywa wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 uliyakuta kuwa mengi mno mjini: wagonjwa wapya wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika Dar es Salaam, na 109 katika Hai, baada ya kusawazisha hesabu za umri.

Mashine hii ni kitu gani

Gemu ya mwendo ni mchezo wa kwenye kioo cha televisheni unaoongozwa kwa mwili badala ya kubonyeza vitufe tu. Nintendo Wii, iliyotoka 2006, humpa mchezaji rimoti inayohisi mwendo wa mkono. Kinect ya Xbox, iliyotoka 2010, humtazama kwa kamera bila yeye kushika chochote. Mtu hupunga mkono hapa, na mpira hurushwa pale kwenye kioo.

Waganga wa viungo walivutiwa na mashine hizi kwa sababu ya haki. Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudia tendo moja mara mamia, na hakuna kinachochosha roho kama kuinua mkono ule ule kila siku pasipo kuona matunda. Mchezo huondoa uchovu huo, na mgonjwa hujikuta amefanya mengi kuliko aliyokusudia. Aliyepanda nanasi Kiwangwa huvumilia mwaka na zaidi kabla hajala tunda, na mwenye kuuguza ubongo yampasa subira ya namna hiyo hiyo. Lolote litakalomsaidia kustahimili lisidharauliwe.

Faida yake, na mpaka wa faida hiyo

Hata hivyo kusaidia si kuponya. Katika utafiti uliotangazwa 2016, watu 141 waliopatwa na kiharusi muda mfupi uliopita, katika vituo 14 vya nchi 4, waligawanywa mafungu mawili juu ya tiba yao ya kawaida: fungu moja walicheza Wii, na la pili walicheza karata na michezo mingine ya kawaida kwa muda ule ule. Mkono ulipopimwa, waliocheza Wii hawakuwazidi wenzao. Mapitio ya majaribio 72, yaliyotolewa 2017, yakafikia kauli inayokaribiana na hiyo: michezo ya namna hii haiipiti tiba ya kawaida, ila yaweza kufaa ikiwa nyongeza ya muda wa mazoezi.

Afrika nayo haikukaa nyuma. Mjini Cape Town, katika utafiti uliochapishwa 2013, watoto waliopooza upande mmoja kwa sababu ya ubongo kuumia walipata nafuu ya kusimama imara baada ya kucheza Wii, na watafiti wenyewe wakaonya kwamba mashine isishike nafasi ya tiba ya viungo. Nchini Uganda, Paul Bangirana na Michael Boivin waliwafundisha watoto walionusurika malaria ya kichwani kwa gemu za kompyuta za kuzoeza akili, wakaona manufaa katika baadhi ya vipimo vya fahamu. Nao watoto hao walisimamiwa, hawakuachiwa kompyuta wakafungiwa chumbani.

Basi asiuze mtu shamba lake ili anunue mashine. Asiye nayo hakukosa tiba, kwani bao, karata na kurusha mpira, vikifanywa kwa maelekezo ya mtaalamu, navyo ni mazoezi.

Hatari kubwa: kuachwa peke yake

Hapa twamtaka msomaji asimame na kuzingatia. Aliyevunjika mguu anajua kwamba mguu umevunjika, naye hujihadhari. Bali aliyeumia ubongo huenda ameumia pale pale panapokadiria hatari, hata akajiona mzima ilhali hawezi kusimama kwa mguu mmoja. Aghalabu upande mmoja wa mwili ni dhaifu, macho huona vitu viwili viwili, kizunguzungu humjia akigeuka upesi, na wengine husahau kabisa kwamba upande wao wa kushoto upo. Mtu huyo akiwekwa mbele ya mchezo unaomwita aruke, ainame na kugeuka, macho yote yako kwenye kioo, wala hayaoni stuli iliyo karibu na goti lake.

Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona laweza kuzidi la kwanza kwa madhara, na kwa mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda, pigo dogo laweza kuvujisha damu ndani ya fuvu. Aliyeondolewa kipande cha mfupa wa fuvu na bado hakijarudishwa asicheze kabisa gemu za kusimama.

Fauka ya hayo, mashine huhesabu alama, haihesabu usahihi wa mwendo. Mgonjwa hujifunza upesi kuihadaa kwa kupinda kiwiliwili au kutikisa kifundo cha mkono tu, akashinda mchezo na bega lake likazidi kuharibika. Mwanga unaometa-meta nao waweza kuamsha kifafa kwa wachache wenye maumbile hayo. 1997 nchini Japani, mamia ya watoto walipelekwa hospitali baada ya kutazama katuni moja ya televisheni yenye mwanga wa namna hiyo. Kwa aliyeumia ubongo, ambaye kifafa chaweza kumjia hata baada ya miezi au miaka, hadhari izidi.

Twarudia: asicheze peke yake.

Taratibu za kufuatwa

1. Mgonjwa apelekwe kwanza zahanati au kituo cha afya, apate barua ya kwenda hospitali ya wilaya, au Tumbi iliyoko Kibaha, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) Dar es Salaam, akapimwe nguvu, macho, msimamo na historia ya kifafa.
2. Mtaalamu wa tiba ya viungo ndiye achague mchezo, akae au asimame, na kwa dakika ngapi.
3. Mtu mzima mwenye nguvu akae upande ulio dhaifu, kwa umbali wa mkono. Mtoto mdogo hatoshi kwa kazi hii.
4. Mkeka, stuli, nyaya na vyombo viondolewe, na kiti kizito chenye mikono kiwekwe nyuma ya mgonjwa.
5. Asivutwe kamwe kwa mkono uliopooza, kwa maana bega huteguka.
6. Akichoka, akiumwa kichwa au akiona kizunguzungu, mchezo ukome papo hapo, hata kama yeye mwenyewe ataka kuendelea.
7. Dawa za shinikizo la damu na za kifafa zisiachwe kwa sababu ya mchezo.

Akianguka au akishikwa na kifafa

Mwenye kifafa alazwe ubavu na vitu vigumu viondolewe karibu naye. Asitiwe kijiko wala kijiti mdomoni, wala asikandamizwe. Kikipita dakika tano, au kikirudi kabla hajapata fahamu, akimbizwe hospitali. Aliyeanguka akagonga kichwa apelekwe akatazamwe. Na akitapika mara kwa mara, akisinzia pasipo desturi, mboni moja ya jicho ikipanuka kuliko ya pili, au maji maji yakimtoka puani au sikioni, hapana kungoja asubuhi.

Nani anastahili huduma

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inatambua haki ya utengamao, yaani kurejeshewa uwezo wa mwili na akili, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Masharti ya bima na ya misamaha, ikiwamo ya wazee wasiojiweza, yaulizwe katika kituo cha afya au ofisi ya ustawi wa jamii.

Kauli ya mwisho

Sisi tumetimiza wajibu wetu, na twasema kwa fahari kwamba hapana tulilolificha: faida tumeitaja, na hatari tumeitaja. Muuzaji anayeahidi kwamba mashine yake huponya kiharusi anadanganya, na mwenye kuahidiwa hivyo atoe taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya. Kwa aila ya mgonjwa, dhamana ni yenu. Mpelekeni akapimwe, kaeni ubavuni pake kila achezapo, na asipokuwapo wa kukaa naye, mashine izimwe.