SOMO LETU: Mbolea Iliyopotelea Njiani

Katika somo la toleo hili tunamwangalia Akinwumi Adesina, mchumi kilimo aliyekuwa Waziri wa Kilimo wa Nigeria kuanzia mwaka 2011 hadi 2015. Tumemchagua kwa sababu alikutana na jambo ambalo kila anayesimamia fedha za wengine hukutana nalo: msaada unatoka, vitabu vinaonyesha umetoka, lakini mlengwa hajauona.

Adesina alizaliwa mwaka 1960 Ibadan, mtoto wa mkulima. Alisoma uchumi wa kilimo Chuo Kikuu cha Ife, kisha akapata shahada ya uzamivu mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Baada ya hapo alifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa mpunga ya Afrika Magharibi. Mwaka 1993 yeye na mtafiti mwenzake walitoa utafiti kuhusu wakulima wa mpunga wa Sierra Leone. Waliuliza kwa nini mkulima hukubali au hukataa mbegu mpya. Wakaona kwamba kilichokuwa na uzito ni jinsi mkulima mwenyewe anavyoiona mbegu hiyo: mavuno yake, ladha yake, urahisi wa kuipika na kuipura. Wataalamu wengi walikuwa wamezoea kusema mkulima anakataa kwa sababu hajaelimika. Kwa maoni yetu, utafiti huu unaeleza mengi ya aliyoyafanya baadaye.

Alitumikia pia Taasisi ya Rockefeller, na alikuwa miongoni mwa waandaaji wa mkutano wa mbolea wa Abuja wa mwaka 2006, ambapo nchi za Afrika ziliazimia kupandisha matumizi ya mbolea kutoka kilo 8 hadi kilo 50 kwa hekta ifikapo 2015. Kuanzia mwaka 2008 alikuwa Makamu wa Rais wa AGRA, yenye makao yake makuu Nairobi.

Alipoingia wizarani alikuta serikali inanunua mbolea yenyewe na kuigawa yenyewe, utaratibu wa tangu miaka ya 1970. Mbolea ya ruzuku ilipita kwa wakandarasi, maghala na wanasiasa, na nyingine ilivuka mipaka ikauzwa nchi jirani. Adesina alipata kueleza kwamba si zaidi ya asilimia 11 ya wakulima ndio waliokuwa wakiipata. Angeweza kuongeza wakaguzi, kama ilivyo desturi. Yeye aliiondoa serikali katika kununua na kugawa mbolea.

Utaratibu mpya ulianza mwaka 2012. Mkulima alisajiliwa kwa jina. Msimu ulipofika alipata ujumbe kwenye simu wenye namba yake, akaenda nao kwa muuzaji wa pembejeo aliyesajiliwa, akalipa nusu ya bei ya mifuko miwili ya mbolea. Nusu iliyobaki ililipwa na serikali kuu pamoja na serikali ya jimbo. Mbegu bora pia zilikuwemo. Hivyo ruzuku ilikuwa haifuati tena gunia, ilimfuata mtu. Hapo ndipo tunapoomba kamati zikae kidogo na kutafakari, maana orodha ya majina inaweza kuulizwa maswali, lakini ghala haliwezi. Wizara ilitangaza kuwa imesajili wakulima zaidi ya milioni 14.

Mambo hayakwenda sawa kila mahali. Wapo waliokosa simu, na vijiji visivyo na mtandao. Mwaka 2013 iliposikika kwamba wizara inataka kugawa simu milioni 10 kwa wakulima, wananchi wengi walikasirika. Baadhi ya majimbo yalichelewa kutoa mchango wao, na mbolea inayofika baada ya mvua haina kazi. Tena serikali ilipobadilika mwaka 2015, wauzaji waliokwisha kutoa pembejeo walibaki wakidai fedha zao, na utaratibu ukasimama. Mkulima alipata mfuko wake, aliyemuuzia akaachwa na deni. Hili halisimuliwi sana katika sifa za mpango huu.

Adesina mwenyewe alichaguliwa mwaka huo huo kuwa Rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, akakaa hadi Septemba 2025. Mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani, dola 250,000, akaahidi fedha hizo kwa vijana wanaoingia katika kilimo.

Maswali ya kujadiliana katika kamati:

Je, kama ninyi ndio mngekalia kiti kile mwaka 2011, mkulima asiye na simu mngemfikiaje bila kurudisha mbolea mikononi mwa wale wale?

Na yule muuzaji wa pembejeo aliyekopesha serikali kwa nia njema, nani alipaswa kumlinda?