Huduma za mapema kwa mtoto wa kijijini

Swali: Mtoto anayechelewa kukaa au kutembea anafikiwaje na huduma iwapo familia inaishi mbali na hospitali?

Jibu: Nchini Tanzania mlango ulio karibu zaidi ni kliniki ya watoto katika zahanati. Mama huja kwa ajili ya chanjo na mizani. Siku hiyohiyo mhudumu anaweza kutazama kama mtoto anakaza shingo, anageukia sauti, au amefika miezi 9 bila kukaa mwenyewe. Kauli ya "atakua tu" hugharimu miezi ambayo ubongo unajifunza kwa kasi kubwa.

Zahanati peke yake haitoshi. Anayejua nyumba yenye mtoto anayefichwa ndani ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na ziara yake ina thamani kuliko bango lolote. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inawalenga watoto hadi miaka 8.

Kinachokwamisha mara nyingi ni nauli. Mguu kifundo, kwa mfano, hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kisha viatu maalumu huvaliwa usiku kwa miaka kadhaa. Familia isiyo na nauli huacha katikati, na mguu hurudi kupinda. Kwa mtindio wa ubongo, mazoezi mengi hufanyika nyumbani: kumlisha mtoto akiwa wima, kumkalisha kwa kumwegemeza, kumsemesha. Bibi na baba wafundishwe pamoja na mama.