Sungura si panya, na sungura si mmoja

Sungura ana meno yanayoota maisha yake yote, kama panya. Mbona hahesabiwi kuwa mgugunaji?

Alihesabiwa hivyo kwa muda mrefu. Linnaeus wa Uswidi alimweka kundi moja na panya na kindi, akaliita Glires. Ilikuwa mwaka 1912 ndipo Mmarekani James Gidley alipotetea kwamba sungura wana oda yao, Lagomorpha. Mfunue mdomo sungura wako uone: nyuma ya meno mawili makubwa ya juu yamejibanza mengine mawili, madogo kama vijiti. Panya hana hayo.

Basi hawana undugu wowote?

Wanao. Vinasaba vimeonyesha kuwa ni oda mbili za babu mmoja, na jina Glires limefufuliwa kwa ukoo huo mzima. Linnaeus hakupotea sana.

Sungura wa porini nikimfuga, atazaa na wa bandani?

Hapana, na anayekuambia amewahi kuwazalisha usimwamini. Wa bandani ni Oryctolagus cuniculus, asili yake Hispania na Ureno. Wengi wa porini kwetu ni jenasi nyingine, Lepus. Hata kromosomu hazilingani, 44 kwa 48. Wa bandani hubeba mimba siku kama 31, akazaa watoto uchi, macho yamefumba, ndani ya manyoya aliyojinyofoa kifuani. Lepus hukaa na mimba takriban siku 42 na hachimbi shimo. Mtoto wake huzaliwa majanini akiwa na manyoya na macho wazi, na baada ya muda mfupi anaweza kuruka. Kwa hiyo Sungura mjanja wa hadithi zetu, kwa maoni yangu, ni Lepus: wa bandani aliletwa na wageni. Kwenye majabali ya Kenya na Tanzania yupo pia Pronolagus, na Uganda yupo Poelagus. Wote tunawaita sungura.

Nasikia sungura ana jamaa aitwaye pika. Huyo ni mnyama gani?

Ni wa oda hiyohiyo, familia ya Ochotonidae. Ana masikio mafupi ya mviringo, na mkia hauonekani. Spishi nyingi zipo Asia; Amerika Kaskazini zipo mbili tu. Pika wa milimani halali usingizi wa majira ya baridi. Wakati wa kiangazi hukata majani, akayarundika chini ya mawe na kuyala theluji ikifunika kila kitu. Joto kali humuua upesi, ndiyo maana mchana wa jua hujificha mwambani.